Hekalu la Claudius: msingi wa Kirumi ulio chini ya ngome ya Colchester

Katika mji wa Colchester, kilomita zipatazo 80 kaskazini-mashariki mwa London, ipo ngome kubwa ya mawe iliyojengwa na Wanormani katika karne ya 11. Mgeni anayeitembelea huweza kuongozwa kushuka hadi katika vyumba vya chini vilivyo baridi, virefu na visivyo na dirisha hata moja. Kuta zake ni nene, na dari lake limepinda mithili ya mtumbwi uliofudikizwa. Vyumba hivyo havikujengwa na Wanormani. Umri wake unaizidi ngome yenyewe kwa takriban miaka elfu moja, na hapo zamani juu yake palisimama hekalu la Kaisari Claudius wa Roma.

Hilo lilikuwa hekalu kubwa kuliko yote ya mtindo wa Kirumi yanayojulikana nchini Uingereza. Lilijengwa ili kuwaonyesha wenyeji kwamba utawala mpya umekuja kukaa milele. Hata hivyo, miaka michache tu baada ya ujenzi wake kuanza, liliteketea kwa moto pamoja na watu waliolikimbilia ili kuokoa roho zao. Makala haya yanaeleza jinsi jengo lililokusudiwa kuimarisha dola lilivyogeuka kuwa mojawapo ya sababu za uasi mkubwa, na ni nini kilichobaki hadi leo.

Ngome ya Camulos

Kabla ya Warumi kufika, mahali hapo paliitwa Camulodunum, maana yake ngome ya Camulos, mungu wa vita. Palikuwa makao ya Cunobelinus, mtawala mwenye nguvu kubwa kusini-mashariki mwa kisiwa cha Britania, ndicho kisiwa chenye Uingereza ya leo. Hapakuwa na mji wa barabara zilizonyooka wala majengo ya mawe. Palikuwa na mashamba, malisho na makazi yaliyotawanyika, yakilindwa na mahandaki marefu na tuta za udongo. Wenyeji wa eneo hilo waliitwa Trinovantes. Hawakuwa wageni wa mambo ya dunia: walifanya biashara na nchi za ng'ambo ya bahari, na mvinyo wa Bahari ya Kati ulikuwa ukiwafikia katika mitungi kabla hawajamwona askari mmoja wa Kirumi kati yao.

Mwaka 43 BK jeshi la Kirumi lilivuka bahari na kukivamia kisiwa hicho. Claudius, aliyekuwa Kaisari kwa miaka miwili tu wakati huo, alihitaji ushindi. Alikuwa mtu mwenye kuchechemea na kugugumia, ambaye jamaa zake walimdharau kwa muda mrefu, na aliwekwa kwenye kiti cha enzi na walinzi wa ikulu baada ya mpwawe, Caligula, kuuawa. Mtawala wa namna hiyo asiye na sifa ya vita alikuwa katika hatari. Kwa hiyo majemadari wake walipokwisha kufungua njia, alikwenda yeye mwenyewe Britania ili aonekane akiingia Camulodunum kwa kishindo. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba vifaa vya safari hiyo vilijumuisha tembo. Claudius alikaa kisiwani siku 16 tu, kisha akarejea Roma kusherehekea. Seneti ilimtunuku jina la Britannicus, jina ambalo mwanawe pia alikuja kujulikana kwalo.

Koloni, neno la mashamba

Mwaka 49 kikosi cha jeshi kilichokuwa na kambi Camulodunum kilihamishwa kwenda magharibi, kupambana na makabila ambayo yalikuwa hayajatii. Mahali pake wakawekwa askari wastaafu, watu waliokwisha kutumikia jeshi miaka mingi na ambao dola ilikuwa na deni la kuwapa ardhi. Makazi ya aina hiyo Warumi waliyaita *colonia*.

Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja. Koloni, mkoloni na ukoloni ni maneno yaliyotufikia kupitia lugha za Ulaya, na shina lake ni hilo la Kilatini. Asili yake ni kitenzi cha kulima: mlimaji na mlowezi waliitwa kwa jina moja. Hivyo basi, kabla halijawa neno la utawala, koloni lilikuwa neno la shamba. Camulodunum ilikuwa koloni la kwanza la Kirumi katika Britania.

Shamba la nani? Hapo ndipo palipozuka tatizo. Mwanahistoria Tacitus, ambaye mkwewe Agricola alihudumu kama afisa kijana Britania wakati wa uasi huo, anaandika bila kuficha kwamba wastaafu hao waliwafukuza wenyeji katika nyumba zao, wakawanyang'anya ardhi yao, na kuwaita mateka na watumwa. Askari waliokuwa bado kazini hawakuwazuia, kwa kuwa nao walitumaini kupata fursa kama hiyo siku watakapostaafu. Tuta na handaki za ulinzi za kambi ya zamani zilisawazishwa ili kupata nafasi ya nyumba na barabara. Wakazi wapya walijiona salama kiasi cha kutojali kujenga ukuta.

Mtawala aliyefanywa mungu

Claudius alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 54. Seneti, chini ya mrithi wake Nero, ikatangaza kwamba sasa amekuwa mungu. Jambo hilo halikuwa geni kwa Warumi: Julius Caesar na Augustus walitangulia kupewa heshima hiyo. Katika majimbo ya mbali, ibada ya Kaisari ilikuwa chombo cha siasa. Watu wa makabila mbalimbali, wenye miungu mbalimbali, walitakiwa wakutane mahali pamoja kila mwaka na kutoa sadaka kwa ajili ya mtawala mmoja. Aliyehudhuria alikuwa ametangaza utiifu wake, na asiyehudhuria alijulikana. Kwa Britania, mahali hapo palichaguliwa kuwa Camulodunum.

Inafaa kueleza hekalu la Kirumi lilikuwa jengo la namna gani, maana halikufanana na msikiti wala kanisa. Waumini hawakukusanyika ndani kusali. Ndani mlikuwa na sanamu ya mungu na hazina ya vitu vya thamani, na walioingia ni wachache. Ibada yenyewe ilifanyika nje, mbele ya ngazi, kwenye madhabahu iliyokuwa uwanjani. Wanyama walichinjwa hapo huku umati ukitazama. Kwa hiyo hekalu lilipaswa kuonekana kutoka mbali, nalo liliinuliwa juu ya jukwaa refu la msingi ili kila aliyesimama uwanjani alazimike kuinua shingo.

Jukwaa la hekalu la Claudius lina urefu wa takriban mita 32 na upana wa mita 23 na nusu. Namna lilivyojengwa inaonyesha akili ya mafundi wa Kirumi. Eneo hilo la Uingereza halina mawe mazuri ya kujengea, hivyo hawakutaka kujaza jukwaa lote kwa zege. Walichimba mitaro, wakaijaza mawe na chokaa ili kupata kuta imara mahali ambapo uzito wa kuta na nguzo za hekalu ungekalia. Nafasi iliyobaki katikati ya kuta hizo waliishindilia mchanga, kisha wakafunika juu kwa dari la tao la zege. Kazi ya mchanga ilikuwa kujaza na kushikilia. Haikukusudiwa kwamba mtu yeyote aingie humo kamwe.

Nani aliyelipa

Majengo makubwa yana gharama, na mzigo wake haukubebwa na Roma. Tacitus anaeleza kwamba watu waliochaguliwa kutoka miongoni mwa Wabritania kuwa makuhani wa hekalu walilazimika kumwaga mali zao zote kwa jina la dini. Ukuhani huo ulikuwa heshima kwa nje, na ndani yake ulikuwa kodi. Chifu aliyepewa cheo hicho hakuweza kukikataa bila kuonekana mhaini, wala kukikubali bila kufilisika.

Ili kupata fedha, wakubwa wa makabila walikopa. Cassius Dio anasema kwamba Seneca, mwanafalsafa tajiri aliyekuwa mwalimu na mshauri wa Nero, alikuwa amewakopesha Wabritania sestasi milioni 40 ambazo hawakuziomba, kisha akazidai zote kwa mkupuo mmoja na kwa ukali. Anaongeza kuwa msimamizi wa mali na kodi katika jimbo hilo, Decianus Catus, alidai pia zirudishwe fedha ambazo Claudius alikuwa amewapa machifu, na ambazo wao walidhani ni zawadi. Seneca huyo huyo ndiye aliyeandika tashtiti ya kumdhihaki Claudius baada ya kufa kwake, na ndani yake akalifanyia mzaha hekalu la Britania. Kwa maneno mengine, watu wa ikulu ya Roma waliweza kumcheka mungu huyo mpya. Wabritania walitakiwa kumlipia.

Mjane wa Prasutagus

Kaskazini mwa koloni waliishi Iceni, kabila lililokuwa na mfalme wake, Prasutagus, aliyekubali kuwa rafiki wa Roma. Alipokaribia kufa aliandika wasia uliomtaja Kaisari kuwa mrithi pamoja na binti zake wawili, akitumaini kwamba nusu ya mkate ingeokoa nusu nyingine. Haikuwa hivyo. Maafisa wa Kirumi waliuchukua ufalme wote kana kwamba wameuteka vitani. Mjane wake, Boudica, alichapwa viboko, na binti zake wakanajisiwa. Wakubwa wa Iceni wakapokonywa ardhi za mababu zao.

Ilikuwa mwaka 60 au 61. Gavana wa jimbo, Suetonius Paulinus, alikuwa mbali magharibi na sehemu kubwa ya jeshi, akishambulia kisiwa ambacho leo huitwa Anglesey. Iceni waliinuka chini ya Boudica, na Trinovantes, waliopoteza mashamba yao kwa wastaafu, wakajiunga nao. Kati ya shabaha zote walizoweza kuchagua, ya kwanza ilikuwa Camulodunum. Tacitus anataja sababu waziwazi: wastaafu walichukiwa kupita kiasi, na hekalu la Claudius wenyeji waliliona kuwa boma la utawala usiokuwa na mwisho. Mdharau mwiba, wasema Waswahili, mguu huota tende.

Siku mbili ndani ya hekalu

Tacitus anasimulia dalili zilizoutia mji hofu kabla ya shambulio. Sanamu ya Ushindi iliyokuwa mjini ilianguka bila kuguswa, ikawa imegeuza mgongo kama inayomkimbia adui. Wanawake walipiga mayowe ya kutabiri maangamizi. Iwe dalili hizo zilitokea kweli au zilibuniwa baadaye, jambo moja liko dhahiri: wakazi walijua kwamba wamechukiwa.

Waliomba msaada kwa Decianus Catus. Aliwapelekea watu 200 tu, tena wasio na silaha kamili. Hawakuchimba handaki wala kujenga boma. Hawakuwaondoa wanawake na wazee ili wabaki wenye uwezo wa kupigana. Walichotegemea ni hekalu, jengo pekee lenye kuta nene na mahali pa juu pa kujihami.

Mji mzima uliporwa na kuchomwa katika shambulio la kwanza. Askari waliojikusanya hekaluni walizingirwa kwa siku mbili, kisha hekalu nalo likaangushwa. Kikosi cha jeshi kilichokuwa kikija kuwaokoa, kikiongozwa na Petillius Cerialis, kilikutana na waasi njiani. Askari wake wa miguu waliuawa, na yeye akaponea chupuchupu pamoja na wapanda farasi. Decianus Catus, ambaye tamaa yake ilichangia kuwasha moto huo, alivuka bahari na kukimbilia Gaul, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Ufaransa.

Waasi waliendelea hadi London na Verulamium, wakaichoma miji yote miwili. Tacitus anakadiria waliouawa katika miji hiyo mitatu kuwa watu 70,000. Inapasa kukumbuka kwamba waliouawa hawakuwa wanajeshi peke yao. Walikuwamo wachuuzi, watoto na Wabritania waliohesabiwa kuwa marafiki wa Roma. Baadaye Suetonius alirudi, akalishinda jeshi la Boudica katika vita vya uwanjani, na kisasi chake kwa makabila kilikuwa kikali kiasi cha kuwatia wasiwasi hata maafisa wenzake. Boudica alikufa muda mfupi baadaye. Tacitus anasema alikunywa sumu, Dio anasema aliugua.

Ushahidi wa majivu

Masimulizi hayo yote yaliandikwa na watu wa upande wa Roma. Boudica na watu wake hawakuacha maandishi. Hata hivyo, ardhi ya Colchester imehifadhi ushahidi wa namna nyingine. Kila mahali ambapo wanaakiolojia huchimba katikati ya mji, hukutana na tabaka la udongo mwekundu na mweusi, ambalo mahali pengine lina unene wa karibu nusu mita. Hizo ni kuta za udongo za nyumba za koloni, zilizookwa na moto hadi zikawa ngumu kama vigae.

Ndani ya tabaka hilo vimepatikana vitu vya maisha ya kila siku vilivyokoma ghafla. Kuna vyombo vya udongo na vioo vilivyoyeyuka katika duka lililoungua. Kuna kitanda kilichogeuka makaa pamoja na godoro zake. Mwaka 2014, wakati wa kukarabati duka kubwa katika barabara kuu ya mji, iligunduliwa hazina ya vito vya dhahabu na fedha iliyofukiwa sakafuni mwa nyumba moja: bangili, hereni, pete na sarafu. Mwenyewe alizificha akitumaini kurudi, na hakurudi. Karibu na hapo vilipatikana vyakula vilivyoungua kabla ya kuliwa, zikiwamo tini na tende zilizosafirishwa kutoka nchi za joto, pamoja na vipande vya mifupa ya binadamu vyenye alama za silaha.

Mbali na mji, katika Mto Alde, mtoto mmoja aliokota mwaka 1907 kichwa cha shaba nyeusi chenye ukubwa wa kichwa cha mtu. Shingo yake imechanika, ishara kwamba kiling'olewa kwa nguvu kutoka katika sanamu nzima. Kwa muda mrefu kimetambulishwa kuwa kichwa cha Claudius, ingawa wapo wataalamu wanaokiona kuwa cha Nero. Wengi wanaamini kililetwa hapo kama nyara ya uasi. Leo kimo katika Makumbusho ya Uingereza, London.

Kujengwa upya

Warumi walirudi. Msimamizi mpya wa mali, Julius Classicianus, ambaye kaburi lake limepatikana London, aliishauri Roma kwamba kuendeleza kisasi hakutaleta amani wala kodi, na gavana Suetonius akabadilishwa. Hekalu lilijengwa upya juu ya jukwaa lile lile, ambalo moto haukuweza kuliharibu. Uwanja wake ukapambwa kwa safu ya matao marefu upande wa kusini, na mabaki ya safu hiyo yanaweza kutazamwa leo.

Lakini safari hii walijenga pia kitu ambacho wastaafu walikiona hakina haja. Katika miaka iliyofuata uasi, mji ulizungushiwa ukuta wa mawe na matofali wenye urefu wa kilomita 2.8 hivi, ukuta wa kwanza wa mji katika Britania. Sehemu kubwa ya ukuta huo bado imesimama, pamoja na lango la magharibi liitwalo Balkerne. Ukuta huo ni ungamo lililoandikwa kwa mawe: watawala walikuwa wametambua kwamba hekalu peke yake haliwezi kumlinda mtu.

Mtekaji wa pili

Utawala wa Roma katika Britania ulikoma mwanzoni mwa karne ya 5. Hekalu likaporomoka, na nguzo na mawe yake yakachukuliwa kidogo kidogo kwa matumizi mengine. Kumbukumbu ya Claudius ikafutika kabisa. Katika Zama za Kati, wakazi wa Colchester waliyaita magofu hayo jumba la Mfalme Coel, mfalme wa ngano.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka ng'ambo ya bahari waliiteka Uingereza. Nao, kama Claudius, walihitaji jengo la kuwatisha wenyeji. Katika miaka ya 1070 walianza kujenga ngome Colchester, na mafundi wao walipoliona jukwaa la kale hawakulibomoa. Walizijenga kuta zao kulizunguka pande zote, wakiutumia msingi wa Kirumi kama kitovu, na matofali ya Kirumi kama malighafi. Hii ndiyo sababu ngome ya Colchester ina sakafu pana kupita kiasi. Ndiyo ngome ya Kinormani yenye jengo kuu kubwa kuliko zote zilizobaki Ulaya, kubwa kuliko hata Mnara Mweupe wa London. Mtekaji wa pili alikalia kiti cha mtekaji wa kwanza, pengine bila kujua jina lake.

Ngome hiyo baadaye ikawa gereza. Mwaka 1645, wakati wa msako wa watuhumiwa wa uchawi ulioongozwa na Matthew Hopkins, wanawake walifungwa humo. Mwaka 1683 mfanyabiashara aitwaye John Wheeley aliinunua ili aibomoe na kuuza mawe yake. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyotazamia, na hatimaye ikamshinda. Lakini katika kuchimbachimba, watu wake walitoboa jukwaa la kale na kuukuta mchanga ulioshindiliwa na Warumi. Wakautoa na kuuuza. Vyumba ambavyo mgeni anavitembelea leo ni nafasi iliyoachwa na mchanga huo. Tamaa ya mbomoaji ndiyo iliyofungua mlango.

Hata hapo, hakuna aliyefahamu kwamba hilo ni hekalu. Ngome ilianza kutumika kama makumbusho mwaka 1860, na watu walidhani vyumba vya chini ni sehemu ya kazi ya Wanormani. Ni karibu na mwaka 1920 ndipo mwanaakiolojia Mortimer Wheeler, akishirikiana na mtafiti wa mji huo Philip Laver, alipochunguza kuta na dari hizo na kutambua kwamba ni jukwaa la hekalu alilolitaja Tacitus.

Sanamu ya Boudica

Wakati Wheeler anafanya uchunguzi huo, Boudica alikuwa amekwisha kuwa shujaa wa taifa la Uingereza. Tangu mwaka 1902, sanamu yake ya shaba nyeusi, akiwa juu ya gari la farasi pamoja na binti zake, imesimama kando ya Mto Thames, mkabala na jengo la Bunge mjini London. Kwenye kitako chake yamechongwa maneno ya mshairi William Cowper yanayotoa bishara kwamba uzao wa malkia huyo utatawala nchi ambazo Kaisari hakuzijua kamwe.

Mwaka huo wa 1902, reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Victoria, na mamlaka ya Uingereza yalikuwa yametandazwa juu ya nchi ambazo leo ni Kenya na Uganda. Ardhi ilikuwa ikianza kugawiwa walowezi, na wenyeji wakitozwa kodi ya nyumba. Waliomjengea sanamu mwanamke aliyepigana na wakoloni walikuwa wao wenyewe wakoloni, na sanamu yake waliifanya pambo la himaya yao. Hekalu la Claudius na sanamu ya Boudica vinaelekeana katika jambo hilo: vyote viwili ni kumbukumbu ambazo watawala walizisimamisha kwa makusudi yao.

Leo wanafunzi wa shule hupelekwa ngomeni, wakashuka katika vyumba vya chini na kuambiwa waguse ukuta. Wanaloligusa si hekalu lililokusudiwa kuonekana, kwa sababu lile lenye nguzo, ngazi na sanamu limetoweka. Wanagusa sehemu ambayo mafundi waliificha chini ya ardhi ili ibebe uzito wa mengine yote. Imebeba hekalu mara mbili, imebeba ngome, na bado ipo. Nje, hatua chache chini ya barabara za mji, lipo pia tabaka jekundu la udongo uliookwa na moto, na ndilo alama pekee ambayo watu wa Boudica waliiandika kwa mikono yao wenyewe katika mji huo.